Watu wa Handakini

3 Februari

Kwako Kitinda,

Salamu nyingi. Natumaini barua hii itakukuta mzima na hasira imepungua. Sisi huku wazima, ukiondoa mgongo wangu, ambao tangu nianze kupanda na kushuka kwenye mashimo ya lifti umekuwa na maoni yake. Wifi yako anakusalimia. Shangazi anakusalimia pia, halafu anauliza kama siku hizi unakula au bado unajivunia mifupa.

Miaka miwili hatujasemeshana. Kila nikishika simu nakumbuka siku ya maziko ya Baba, nilivyokufokea mbele ya watu kwa kuchelewa, na ulivyonijibu, na Shangazi alivyotutoa nje wote wawili kama mbuzi walioingia jikoni. Nikikupigia tutakatiana simu, na hata namba yako mpya sina. Kwa hiyo naandika kwa barua pepe.

Nimenunua mchezo wa kompyuta. Usicheke, mtu mzima naye ana haki ya kucheza. Ni wa vita vya kale, Vita vya Miaka Mia, Waingereza na Wafaransa: ramani nzima, maghala, kodi, ndoa za wafalme. Mimi nacheza msimu wangu, nakutumia faili, wewe unacheza wako, unalirudisha. Tulipokuwa wadogo tulipigana vita sakafuni kwa vifungo vya Shangazi na hukukubali kushindwa hata mara moja. Basi tuendelee.

Nina sheria mbili. Kila faili lije na barua yenye salamu na habari za nyumbani, na humo uandike kwa maneno yako umeamuru nini. Na hakuna kufungua faili kabla ya kusoma barua. Nikiona faili limerudi, nijue barua imesomwa.

Mimi nimechukua Wafaransa. Faili nimeliambatisha.

Kaka yako

9 Februari

Kaka, shikamoo.

Mimi mzima. Hasira haijapungua, nimeiweka kando tu, nikiihitaji najua ilipo. Mgongo wako mpe pole.

Bado niko kwenye dobi la hospitali. Mifuko ya shuka inashushwa imefungwa fundo, na kazi yangu ni kufungua na kuchambua kabla shuka hazijaingia mashineni. Sitakuambia nilichokikuta leo, huenda unakula. Wenzangu wanasema ukizoea huoni tena. Mimi mwaka wa tatu huu, naona vizuri sana.

Mwambie Shangazi nakula. Bado anamsahihisha mtangazaji wa redio? Juzi nilikuwa nakunja shuka nikajikuta nimebana ncha kwa meno, kama alivyokuwa akifanya yeye na nguo zetu za shule. Miaka kumi na miwili mbele ya ile cherehani, anashona sare za watoto wa watu ili sisi tupate za kwetu, na Baba yuko barabarani na lori lake. Mbusu shavuni, hata akikusukuma.

Mchezo nimeufungua. Nimevusha jeshi, nimepandisha kodi, na nimemwoza mfalme wangu kwa binti nisiyemjua hata sura. Jiandae.

Mdogo wako

2 Machi

Mdogo wangu,

Marahaba. Hatujambo, ila nyumba imechafuka kidogo. Wifi yako ni mjamzito, atajifungua mwezi wa sita Mungu akipenda. Shangazi alifurahi mpaka akalia, halafu kabla machozi hayajakauka akamwambia mwenzake anapika kama anayemwagilia maua. Wifi yako akalia naye, lakini si kwa furaha. Mimi nikakimbilia kazini siku ya mapumziko.

Leo nimetoa chini ya lifti moja ya ofisini nepi tano, panya aliyekauka na sahani ya wali. Watu waliovaa tai, Kitinda. Wanatumbukiza uchafu kwenye ule mwanya wa mlango na kuendelea na safari ya ghorofa ya tisa.

Sasa wewe. Mbona unachoma vijiji vyangu? Vijiji kumi na vinne msimu mmoja, na jeshi langu hujaligusa. Hivyo si vita, huo ni ushenzi.

Nimeamuru watu waingie mjini Rouen na mavuno waliyobaki nayo. Kuta zake ni nene, njoo ujaribu.

Kaka yako

17 Machi

Kaka, shikamoo.

Hongera nyingi kwa mtoto, nimefurahi kweli. Mwambie wifi nami niliambiwa napika kama namwagilia maua miaka mingi na sikufa.

Kuhusu vijiji, nakujibu kwa ukweli. Nilijaribu kupigana kama mtu na heshima zake, nikapoteza watu elfu mbili matopeni. Nikasoma maelezo. Ukichoma kijiji, adui anakosa kodi na wewe unapata alama, na huo muziki wa filimbi unaendelea kupiga kama vile watu wako arusini. Nilichoma cha kwanza nikasikia kinyaa. Cha pili nikaangalia pembeni. Cha nane nilikuwa nakula karanga. Kilichonichefua zaidi ni kwamba naweza. Nina kipaji nacho, Kaka, na sijui kama nikikipeleka mashineni kitatakata.

Rouen nimeizingira pande zote. Siingii. Nitakaa hapa nje mpaka ghala lako liishe.

Shangazi hajambo? Kwenye barua yako umemtaja kwa ugomvi tu.

Mdogo wako

6 Aprili

Mdogo wangu,

Marahaba. Sisi tunaendelea. Shangazi alianguka bafuni wiki mbili zilizopita. Hakuvunjika, ila nyonga imevimba na sasa hawezi kuinuka peke yake. Wifi yako alimnyanyua mara moja, daktari akamgombeza vibaya, hali yake haimruhusu. Mimi natoka asubuhi na mapema. Shangazi anakaa kitini kunisubiri nirudi ndipo aende msalani. Saa tisa nzima, Kitinda. Ananiambia hajabanwa.

Mama mkwe anakuja mwezi ujao kumsaidia wifi yako. Vyumba ni viwili. Najua unaona ninakoelekea, na mimi naona haya kuelekea huko. Unaweza kumchukua Shangazi, hata kwa muda?

Mchezo. Ghala la Rouen limebaki chakula cha msimu mmoja. Kumbe kuna kitufe kimeandikwa "Toa walaji wasiopigana". Nimekibonyeza. Wametoka watu elfu kumi na mbili, wazee, wanawake, wagonjwa, na waliobaki ndani watashiba mpaka majira ya baridi. Sasa hao wako kwenye handaki kati ya ukuta wangu na jeshi lako. Mchezo utakuuliza kama unawapitisha. Shauri lako.

Kaka yako

11 Aprili

Kaka, shikamoo.

Pole kwa Shangazi. Nimesoma barua yako mara tatu nikaenda kunawa mikono.

Umewezaje? Aya moja Shangazi anabana mkojo kwa saa tisa, aya inayofuata "walaji wasiopigana". Vidole vyako havikusita? Sitaki tena kuona mambo hayo mawili kwenye barua moja. Yule mwanamke alitulea wakati mama yetu hayupo na baba yetu anaonekana mara moja kwa mwezi, leo unauliza nani atamchukua kama kochi la zamani.

Na kabla hujanirudishia swali, nakujibu. Mimi siwezi. Nina chumba kimoja, kitanda kimoja, ghorofa ya nne, na lifti imekufa tangu nihamie; wewe ndiye fundi, njoo uifufue. Mwenye nyumba hataki wageni wanaolala. Nafanya kazi zamu mbili. Siwezi, na wewe unajua siwezi, kwa hiyo usinibembeleze.

Hao wa handakini nimewaacha walipo kwa msimu huu, nifikirie. Nikiwapitisha watakula chakula cha jeshi langu. Mchezo wenyewe una maelezo ya pembeni, eti jambo hili lilitokea kweli pale Rouen, na kuna masimulizi ya wakati ule kuwa watoto waliozaliwa ndani ya handaki walivutwa juu ukutani kwa kapu, wakabatizwa, wakateremshwa tena kwa mama zao chini. Nimesoma hilo nikiwa na kikombe cha chai mkononi. Chai nikaimwaga.

Mdogo wako

24 Aprili

Mdogo wangu Kitinda,

Marahaba. Natumaini hujambo na zamu zako. Barua yako ilinichoma, na nimeistahili. Kwa hiyo nakuomba uisome hii mpaka mwisho.

Mama mkwe amewahi, yuko hapa tangu Jumapili. Shangazi sasa analala sebuleni, kwenye godoro, na kila anayekwenda jikoni anamruka. Redio hasahihishi tena. Jana mama mkwe alimwambia rafiki yake kwenye simu, Shangazi akisikia, kwamba nyumba inanuka mzee. Nilisimama pale na bisibisi mkononi na sikufungua mdomo. Nimejiona hivyo, siwezi kujiona vingine.

Nimekwenda kuulizia makao ya wazee mawili. Moja limejaa. La pili nilifika mpaka mlangoni nikageuka, harufu yake unaifahamu wewe kuliko mimi.

Huko kwako walau ni wewe. Nampandisha basi la asubuhi Ijumaa tarehe 2 Mei, litafika kituo kikuu saa nane mchana. Amepata fimbo, hatua chache anaweza. Mkoba mmoja tu. Mwezi mmoja, miwili, mtoto akishazaliwa na mama mkwe akirudi kwake nitakuja kumfuata mwenyewe. Naapa.

Ukiona haiwezekani kabisa, niandikie kabla ya Ijumaa, nitamzuia. Lakini kama faili litarudi bila neno la kukataa, nitajua umesoma na umekubali, na nitakushukuru maisha yangu yote.

Mchezo: sijaamuru kitu. Nimepitisha msimu.

Kaka yako

28 Aprili

Faili hilo. Bado wako handakini. Zamu yako.

Mdogo wako

3 Mei

Mdogo wangu,

Hujambo? Shangazi alifika salama? Simu yake ndogo tumeikuta kwenye chaji, ameisahau, kwa hiyo nasubiri neno kutoka kwako. Nilimkalisha kiti cha mbele nyuma ya dereva. Alikuwa amevaa gauni la bluu na ameniagiza nisimwage machozi mbele za watu.

Sijui nikushukuru vipi. Barua yako ilikuwa fupi kama amri ya jeshi, lakini faili lilirudi, na nilijua una moyo gani chini ya huo ukali.

Rouen imekwisha. Waliobaki ndani wamekula farasi, sasa wanakula mbwa. Msimu ujao nakupa funguo. Umenishinda, kama kawaida yako.

Mpe Shangazi mto wa pili chini ya goti, upande wa kushoto.

Kaka yako

4 Mei

Kaka,

Sikuisoma.

Barua yako ya tarehe 24 sikuisoma mpaka leo asubuhi, nilipoona hii ya jana unauliza kama alifika. Nilijua utanibembeleza juu ya Shangazi na sikutaka kubembelezwa. Nikaenda moja kwa moja kwenye faili, nikacheza, nikalirudisha. Dakika tano, kabla ya zamu. Sheria zako mwenyewe nilizijua, na bado nikafanya hivyo.

Nimekwenda kituoni mbio na viatu vya kazini. Hayupo. Mkata tiketi anamkumbuka vizuri: bibi wa gauni la bluu, alikaa benchi la mbele ya mlango wa kuingilia, hakutoka hapo. Alimuuliza mara mbili kama anahitaji kitu, akasema anasubiriwa. Hakwenda hata msalani. Anasema baadaye watu waliokaa karibu naye walihama mmoja mmoja, na benchi likabaki lake peke yake. Aliniambia huku amekunja pua, Kaka, na mimi kazi yangu najua kukunja pua kule kuna maana gani.

Jioni ile ya Ijumaa aliondoka na mama anayefagia kituo. Mfagiaji amemaliza zamu zake za wiki, anarudi Jumanne. Kwake hakuna anayepajua. Polisi wameandika jina na kuniambia nisubiri.

Ijumaa saa nane mchana nilikuwa mapumzikoni. Nimekaa kwenye ngazi za dobi, nakula ndizi, vituo vitatu tu kutoka pale. Siwezi kujitazama. Mchezo nimeufuta. Usinitumie tena faili.

Mdogo wako

5 Mei

Mdogo wangu,

Sijalala na sijaenda kazini. Nilisema faili likirudi nijue umesoma. Mimi ndiye niliyeweka sheria ya kipumbavu namna hiyo juu ya mtu mzima, na kumpandisha basi kwa sheria ya mchezo. Kwa nini sikumtafuta hata mwenzako wa kazini nikamuomba namba yako? Kwa sababu niliogopa utasema hapana. Nilitaka jibu ambalo haliongei.

Wifi yako analia. Mama mkwe ameanza kukunja nguo zake, nimemwacha akunje.

Jumanne mfuate huyo mfagiaji. Jumamosi nakuja na basi la kwanza kumchukua Shangazi nimrudishe nyumbani, chumba chake nimekisafisha tayari, kitanda nimekirudisha palepale. Akikutukana, vumilia. Mwambie nakuja.

Kaka yako

7 Mei

Kaka, shikamoo.

Yuko hai, na mzima kuliko alivyotoka kwako. Hilo nilitangulize.

Jana nilimsubiri mama mfagiaji mpaka alipotundika ufagio. Ni mwanamke wa makamo, mfupi, haongei sana. Nikamwambia namtafuta bibi wa gauni la bluu. Akanitazama, akaniuliza, "Wewe ni nani wake?" Nikatazama viatu vyangu. Akasema, "Twende. Akikujua atasema mwenyewe."

Anakaa chumba kimoja, Kaka. Kidogo kuliko changu. Kitanda kimoja, naye sasa analala chini. Mlangoni palikuwa na ndoo, na gauni la bluu limefuliwa limeanikwa kwenye kamba. Mimi ndiye dobi, na ile nguo imefuliwa na mtu mwingine.

Shangazi alikuwa amekaa kitandani na mto chini ya goti la kushoto, anashona pindo la ovaroli ya mwenyeji wake. Mama mfagiaji akamuuliza, "Bibi, unamjua huyu?" Shangazi akainua macho. Akanipima kutoka kichwani mpaka kwenye viatu, taratibu, kama anayenichukulia vipimo vya nguo. Akasema, "Namjua. Ni dobi wa hospitali." Kisha akakata uzi kwa meno na kuendelea kushona.

Nikaitikia. Nikasema ndiyo, ni dobi. Ningesema nini kingine?

Nikapewa kigoda na chai. Shangazi akaniuliza kama kazi ni nyingi, kama mabasi yanasumbua siku hizi. Kwa adabu kabisa. Maisha yangu yote hajawahi kuwa na adabu na mimi, alikuwa akinifokea tu, na sikujua kama kufokewa kule ndiko kulikokuwa kwetu. Nilikunywa chai yote nikitamani aniambie nimekonda.

Mwenyeji alipotoka kuchota maji nilipiga magoti. Nikamwambia, Shangazi, twende nyumbani. Akaniuliza nyumbani kwa nani. Hakuuliza kwa ukali, alitaka kweli kujua. Nikamweleza kuhusu faili, barua, na sheria, nikasikia mwenyewe jinsi maneno yale yanavyonuka mdomoni. Akanisikiliza mpaka mwisho. Akasema, "Kila aliyeingia kwenye ule mlango nilidhani ni wewe. Mpaka jioni nikachoka kudhani." Akasema yule mama alipomfikia alijua fika hali aliyonayo, akavua khanga yake mwenyewe akamfunga kiunoni, akamshika mkono, na mpaka leo hajamuuliza atakaa siku ngapi. Yule mama alipomuuliza kama ana watu wake, Shangazi alimjibu hana.

Mama mfagiaji akarudi na ndoo. Shangazi akaniambia, "Karibu tena, mwanangu," kama anavyomwambia mtu yeyote.

Nitakwenda tena Jumapili. Nitabeba sabuni na shuka safi, nitasema nimepita tu.

Wewe njoo Jumamosi, sikukatazi. Lakini chumba ulichosafisha usikitaje. Ukifika simama mlangoni usubiri. Mama mfagiaji atamuuliza Shangazi kama anakujua. Mimi nimeshajibiwa. Wewe sijui atakuita nani.

Mdogo wako